Koko na Safari ya Kiota

Sogea karibu, rafiki yangu, nikueleze jambo ambalo bado linanichoma ingawa nimekuwa mtu mzima. Juzi nilikuwa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kwenye galeri yenye maduka ya wasusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, simu ikalia. Binti wa jirani yetu wa zamani alikuwa amenitumia picha. Yuko Japani kwa likizo, amesimama chini ya milango myekundu iliyopangwa mmoja baada ya mwingine kupanda mlima. Msusi akachungulia begani kwangu.

"Ni ndugu yako? Eh, iko na bahati!"

Nikasema ndiyo, ana bahati. Na wivu ulionipanda ni uleule wa nilipokuwa na miaka tisa.

Nikueleze taratibu. Tulikaa Ganshoren, ghorofa ya tatu, mtaa mtulivu ambao ukipiga chafya jirani anakujua. Bibi yangu mzaa mama alitoka Kivu akaja kuishi nasi. Tulimwita koko, kama watoto wengi wa Kongo hapa. Kifaransa hakikumkaa kichwani, kwa hiyo dunia yake ilikuwa jikoni, na Jumatano dunia hiyo ilikuwa yangu. Siku hiyo shule hapa hufungwa mchana, na mama alikuwa kazini. Mimi na koko tulikaanga maandazi huku dirisha likijaa mvuke. Nilimsimulia habari za shule, naye akanichagulia andazi lililofura kuliko yote. Andazi hilo lilikuwa cheo changu.

Halafu likizo ya Pasaka ikaja, na binti wa jirani akaenda Japani. Baba yake aliuza safari za watalii. Wao walitoka Lubumbashi, Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, basi aliporudi koko alimwita jikoni, amsalimie tu.

"Tulienda Kyoto, koko."

"Kiota? Kiota ya ndege gani?"

"Ndege mukubwa, koko! Bantu trois cents, mia tatu, ndani!"

Koko alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu siku ile Japani yote iliitwa Kiota, na kila Jumatano binti huyo aliitwa aje aeleze tena. Alieleza hekalu la dhahabu linalojitazama kwenye bwawa. Alieleza bustani ya mawe matupu, ambayo watu hukaa kuitazama bila kusema neno, na jinsi unavyovua viatu mlangoni kabla ya kukanyaga mbao. Koko alipenda zaidi habari za paa wanaozurura kwenye bustani ya mji na kuwainamia watu ili wapewe biskuti.

"Bale paa banainama kabisa?"

"Banainama, koko, njo unabapa biskwi."

"Bon. Basi banashinda bajukuu bangu!"

Wakacheka wote wawili. Na andazi lililofura likapita mbele ya pua yangu, likaenda kwa mgeni.

Jumatano ya tatu sikungoja aje. Nilisema, "Koko, hata mi najua Kiota. Iko hapa karibu. Nakupeleka." Katika matembezi ya shule nilikuwa nimeuona mnara wa Kijapani kule Laeken, mwekundu, mapaa yamebebana, uliojengwa zamani na mfalme aliyetamani vitu vya mbali. Koko aliinuka. Alijifunga kitenge kipya, akavaa koti la mama na viatu vizito vya kamba alivyonunuliwa kwa ajili ya baridi. Kwenye tramu alinishika mkono, nami nikakaa wima kama kiongozi wa watalii.

Tulikuta lango limefungwa. Wageni hawakuruhusiwa tena kuingia. Koko alishika vyuma vya uzio, akautazama mnara kuanzia chini mpaka juu. Kisha akaketi kwenye ukuta mfupi na kuanza kufungua kamba za viatu.

"Koko, unafanya nini?"

"Kule banavuaka biatu. Mwenzako alisema."

Hata pale, koko alikuwa amekuja na binti wa jirani kichwani! Nilipasuka. Nikalia nikisema hapa si Japani, ni Laeken, nimekudanganya. Koko alisimama kwa soksi kwenye lami baridi. Aliuinamia ule mnara taratibu, kama paa. Mzee mmoja aliyepita na mbwa wake alisimama kwa adabu mpaka amalize.

"Najua, maman," aliniambia, kama alivyozoea kuniita. "Kwani tulipanda ndege? Ye alinielezea tu. We ulinileta." Kisha akaketi, akavaa viatu, akaninyooshea mguu. "Alors, funga."

Nilipiga goti nikamfunga kamba, upande wa kushoto, kisha wa kulia.

Ningependa kukuambia kwamba wivu uliishia pale. Haukuisha. Jumatano iliyofuata binti wa jirani alikuja, koko akamsimulia safari yetu, na andazi lililofura akatugawia nusu kwa nusu. Naapa nusu ya mwenzangu ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Koko hayupo tena. Jikoni ile sasa ina watu wengine, na siku hizi Jumatano ni siku ya kazi tu. Chini ya ile picha ya Japani binti wa jirani ameandika: "Niko Kiota. Koko angecheka." Ndicho kinachoniuma, si milango wala mlima. Neno lile lilizaliwa kati yao wawili mbele ya macho yangu, na nikitaka kumsikia koko akicheka kicheko kile, lazima nipitie kwa binti huyo.

Mimi nilichobaki nacho ni zile kamba za viatu. Kwa hiyo, ukifika Brussels, panda tramu ya kwenda Laeken, ulizia mnara mwekundu wa Kijapani, simama langoni na uvue viatu. Kama unakwenda na bibi yako, mvalishe vyenye kamba, na akimaliza kutazama, piga goti umfunge wewe mwenyewe.