Kufuli la Nje

Mimi ni fundi makufuli, mwaka wa thelathini na moja huu kwenye kibanda kilekile, na watu wananiita Mzee Komeo. Kazi yangu ina mwiko mmoja: kufuli la nje sifungi kwenye chumba ambacho mtu anabaki ndani. Wateja wangapi nimewatimua kwa hilo! Mwiko wenyewe nikaja kuuvunja kwa binti yangu wa kumzaa.

Mumewe alishaingia mitini, na binti anafua mashuka ya hospitali kutwa nzima. Aliniomba nikae na mjukuu wangu kibandani, katoto ka miaka minne. Nikamwambia watoto wananivurugia kazi, wanachezea funguo za watu. Uongo mtupu. Nilitaka kucheza drafti zangu kwa raha zangu. Basi akaomba kufuli la nje la chumba chake, ili mtoto asitoke barabarani. Nikamfungia lililo gumu kuliko yote, nikarudi kibandani nikijiona baba wa maana.

Mwezi haukuisha. Mtoto akaokota kiberiti, godoro likashika moto. Majirani wakagonga lile kufuli kwa nyundo na mawe, wapi! Ikabidi waje kunikimbilia mimi, niliyebaki na ufunguo wa akiba. Ufunguo ukanidondoka mara mbili, huku namsikia ndani anamwita mama yake. Alitoka hai, mkono wa kushoto umeungua.

Polisi wakamchukua mama yake. Nikamfuata bibi wa ustawi wa jamii, nikamwambia kufuli nimefunga mimi, anikamate mimi. Akanifungulia karatasi za sheria, akanionyesha kwa kidole.

"Mzee wangu, hapa anatajwa mzazi anayeishi na mtoto. Babu hayumo."

Kuachiwa kule kuliniuma kuliko pingu.

Mahakamani hakimu alisema mama ataachiwa kwa masharti, lakini mtoto atapelekwa makao ya watoto, labda apatikane ndugu wa kushinda naye, ndugu ambaye mama mwenyewe anamwamini. Nikasimama hata hajamaliza. Hakimu akamgeukia binti yangu, akamuuliza kama ananiamini.

Ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu siku ya moto. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akamgeukia hakimu.

"Sina mwingine, mheshimiwa."

Karani akaandika kwamba amekubali.