Bei ya Sufuria Isiyoishiwa Ugali

Nduta Wamae ni fundi wa cherehani mjini Nyeri. Wateja wakipungua, huandika hadithi za mazimwi na vitu vya ajabu katika madaftari ya shule, na tayari amejaza kumi na moja. Mwaka jana alikwama kwenye la kumi na mbili. Mchawi wake alikuwa anauza sufuria isiyoishiwa ugali, na Nduta alikuwa ameipa bei ya mbuzi wanane. Kila akisoma hapo, moyo ulikataa.

Akaenda kwa Ilyas, mzee anayeuza vyombo vikuukuu karibu na soko.

"Mzee Ilyas, sufuria isiyoishiwa ugali unaweza kuiuza pesa ngapi?"

Ilyas aliacha kusugua birika. Alimtazama usoni, kisha akakitazama kikapu alichobeba Nduta. "Nani amekutuma? Vitu zangu zote ziko na risiti."

"Hakuna aliyenituma. Ni ya hadithi, naandika."

"Hadithi." Hakuamini. Alisogeza birika nyuma yake. "Na huyo mwenye sufuria, anaiuza kwa nini?"

"Anataka mbuzi wanane."

"Mtu ako na chakula ya milele, ati anataka mbuzi nane? Hiyo ni ya wizi, ama iko na shida. Mimi siwezi gusa."

"Na ingekuwa yako?"

"Singeuza sufuria. Ningeuza ugali."

Nduta alirudi kibandani akiwa ameudhika, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli na kurasa sitini zilikuwa zimeharibika. Alizichana. Kwa wiki tatu aliandika upya: mchawi akafungua hoteli, akauza ugali kwa nusu ya bei ya wengine, foleni ikafika barabarani.

Alipomaliza aliwasomea mafundi wenzake. Wote walicheka isipokuwa Magdaline, aliyewahi kuuza mahindi katika soko la Kenol.

"Sasa wenye mahindi watauzia nani?" aliuliza. "Wataanza kujiuliza unga anautoa wapi. Watakuja kuchungulia hiyo jikoni."

Nduta hakuwa amewafikiria hao. Alifungua daftari palepale, akamwekea mchawi mlango wa chuma na kufuli mbili. Kisha akaongeza katika hadithi mpishi mpya aliyekuja kuomba kazi, mwanamke mpole, mwenye vumbi la mahindi kwenye pindo la sketi.