Siku Niliyompaka Ng'ombe wa Mama Nambari ya Kampuni

Nilimpaka ng'ombe wa Mama rangi nyekundu ubavuni, nambari kumi na tisa, kubwa kama zile za mabehewa ya gari moshi, na sina wa kumlaumu ila mkono wangu huu. Naandika nikiwa nimechoka, maana hata shuleni siku hizi naitwa "Kumi na Tisa", na anayeanzisha kila asubuhi ni mwalimu.

Ilikuwa likizo. Kampuni yetu ya wakulima, ile iliyonunua shamba la mzungu huku upande wa Mautuma baada ya Uhuru, kila familia na hisa yake, ilikuwa inamngoja mkaguzi kutoka Kakamega mjini aje ahesabu mali: trekta, mashine ya kusaga, mapipa, hata taipureta isiyo na herufi mbili. Kila kitu kinaandikwa bei kiliyonunuliwa, kinapunguzwa uchakavu wa kila mwaka, na kinachobaki ndiyo thamani yake (taipureta ilikuwa imebakia karibu hewa tupu). Asubuhi mwenyekiti akanipa kopo la rangi nitie nambari, eti nina mwandiko mzuri. Nikamaliza kumi na nane, rangi ikabaki kidogo, na ng'ombe wa Mama alikuwa amefungwa pale pale nyuma ya stoo, ananitazama. Nikacheka peke yangu. Nilidhani nitamfuta baadaye. Halafu wenzangu wakaniita mpirani.

Mkaguzi akafika mapema (wakaguzi hawana adabu), akapita na daftari lake akiandika alichokiona, na mchana mkutanoni akasoma mbele ya wenye hisa wote: "Nambari kumi na tisa, ng'ombe mmoja wa maziwa." Watu wakapiga makofi! Mwenyekiti naye akatabasamu, maana mali ya kampuni ikinenepa na yeye hunenepa kidogo.

Mzee Lumwachi, mmoja wa wenye hisa, akainuka. "Kumbe tuko na ng'ombe, na sisi tunakunywanga chai bila maziwa? Maziwa yanaendanga wapi?"

"Si yule mama pale anauzanga!" mtu akadakia.

"Anatuuzia maziwa yetu?"

Mama akasimama. "Huyo ng'ombe ni wangu. Nimemlea tangu ndama. Ndiye anasomesha mtoto wangu."

"Mayi, kaa chini," mwenyekiti akamwambia, akimwita mama kwa heshima ile ya kumfunga mtu mdomo. "Nambari ya kampuni imeingiaje kwa ng'ombe wako?"

"Sijui. Asubuhi nikimkamua hakuwa nayo."

Wakamcheka. Mama akarudia, sauti imeshuka, wakamcheka tena, na Mzee Lumwachi akatuma vijana wawili wamlete ng'ombe afungiwe uani mwa kampuni. Nikaiona kamba mikononi mwao, nikaiona karo yangu ikienda nayo, na miguu ikasimama kabla sijaishauri.

"Ni mimi nilimpaka," nikasema. "Rangi ilibaki."

Halafu kicheko ambacho nadhani kilisikika hadi soko la Lubao. Mkaguzi akavua miwani, akaniuliza mimi nilinunuliwa lini, anipunguzie uchakavu. Akakata ule mstari daftarini, na mwenyekiti akaamuru nimsugue ng'ombe kwa mafuta ya taa pale pale, mkutano mzima ukitazama. Alinipiga teke mara mbili (ng'ombe, si mwenyekiti). Nambari haikutoka, ilienea tu, na siku tatu maziwa yalinuka mafuta hayo, hakuna aliyenunua hata kikombe. Tangu hapo nimeapa: kisicho changu sikipaki, hata nikibaki na pipa zima.

Jioni ile nilingoja fimbo. Mama alikuwa anasonga obusuma, ugali wa usiku, hakugeuka.

"Rangi itatoka," alisema. "Lakini mimi nilisimama mara mbili nikasema ng'ombe ni wangu, hawakuniamini. Ukasimama wewe, mtoto wa shule, ukasema mara moja, wakaamini wote. Hiyo ndiyo imenichosha. Lete sahani."