Karatasi za Hekalu la Wachina

Harufu ya udi wa Kichina ikichanganyika na mafuta ya maandazi, mimi huitazama mikono yangu mpaka leo. Mama aliuza maandazi kwenye geti la jengo moja la matofali hapa Johannesburg. Zamani lilikuwa shule ya Wachina. Watoto walipopata shule kubwa zaidi, wazee wao wakaligeuza kuwa hekalu. Baba alikuwa amefia mgodini, kwa hiyo geti lile ndilo lililotulisha. Siku moja karatasi za kufungia ziliisha. Ndani ya geti nikaona kapu limejaa karatasi zilizoandikwa kwa wino mweusi, nikachota. Kwetu karatasi iliyokwishaandikwa ni ya kufungia karanga, basi.

Mzee wa Kichina aliyetunza hekalu aliona mteja akifuta mafuta ya mdomo kwa yale maandishi. Alituita ndani. Madawati ya shule yalikuwa bado yamebanwa ukutani, na mbele, palipokuwa na ubao, sanamu ilitukodolea macho. Akasema kwa Kizulu cha kuungaunga kwamba kwao maandishi hayatupwi, huchomwa kwa heshima kwenye tanuri la uani.

“Zirudi zote kabla jua halijazama. La sivyo, mama, kesho usije.”

“Umesikia, wewe mwenye mikono mirefu?” Mama akaniambia. “Twende.”

Tulizunguka mitaani tukiomba takataka kama wendawazimu. Tulizipata zote isipokuwa moja: fundi viatu alikuwa ameisokotea tumbaku. “Mnataka niikohoe?” akatucheka.

Nikamwambia Mama tuchukue nyingine kapuni, mzee atajuaje? Akanifinya sikio. Alimweleza yule mzee ukweli wote, hata tumbaku. Mzee akazipokea zile tulizorudisha.

“Imeungua?”

“Imeungua, baba.”

“Yote?”

“Mpaka kidoleni.”

Mzee akageuka kuwasha tanuri. “Kesho niletee maandazi mawili, ya moto.”

Mimi darasa la tatu sikumaliza, na leo nina maduka mawili Jules Street. Sikupewa na mtu. Lakini wiki iliyopita dada mmoja Mrundi anayeuza samaki alimwaga maji yao mlangoni kwangu. Nikamfukuza papo hapo na beseni lake, sikumwacha aseme neno. Yule mzee Mchina alituachia muda mpaka machweo. Jana nilituma mtu amwambie yule dada arudi.

Amekataa.