Papai Bichi Lililoniachia Mguu

Mimi Baba Shaibu wa Kitangari, hakuna jambo la dunia hii la kunishangaza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nina mikorosho usiyouona mwisho wake, na kisima changu cha maji ya mvua wenye digrii huja kukipiga picha. Nilikuwa nimeona yote. Kisha nikajikata.

Ilikuwa wakati wa kupalilia. Panga liliteleza kwenye kisiki likanila muundi wa kushoto. Mwingine angekwenda zahanati. Mimi nikapaka mafuta ya ganda la korosho, kama tunavyopaka nyufa za miguu huku kwetu. Yale mafuta yanaunguza. Nilinguruma mpaka mbuzi wakakata kamba.

Mguu ukavimba, ukaanza kutoa usaha wa kijani. Nikanunua vidonge vya rangi mbili dukani. Nikipata nafuu naacha, ukivimba nanunua vingine. Ukanuka hadi mke wangu akahamia chumba cha watoto. Alisema hajanikimbia mimi, amekimbia mguu.

Homa iliponiangusha wakaniteremsha Masasi, hospitali. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akachukua usaha kupima. Majibu yalipotoka akavuta kiti.

"Baba, wadudu wa kidonda chako wameshazizoea dawa. Imebaki moja, ya sindano. Na hii nyama iliyooza isipotoka, tutakata chini ya goti."

Nikamuuliza itatokaje. Akasema watanisafisha, watanichoma sindano, na kila siku watabandika papai bichi lililopondwa, maana utomvu wake unakula nyama iliyokufa. Hapo nikashangaa, nakiri. Mipapai yangu yote nilishaifyeka kupisha mikorosho.

Mwenye mipapai ni mama mkwe. Na mwaka juzi nilimwambia anafuga chakula cha ndege. Mke wangu akapanda kwao kwa adabu zote, akarudi na kikapu na salamu: "Mwambieni mkwe wangu, ndege naye hulipa. Moja mia tano."

Papai linawasha, ndugu zangu, kama umekanyaga siafu. Lakini uozo ulitoka vipande vipande, harufu ikakata. Asubuhi moja muuguzi akafungua bandeji, nyama chini nyekundu kama bibo la mkorosho lililoiva. Daktari akaitazama, akacheka. "Mguu wako huu, Baba Shaibu. Kaa nao." Wodi nzima iliniona nalia, na wala sikujificha.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na miguu mingapi?"

"Miwili, mama."

"Basi lipa kwa furaha."

Ukiumia, nenda hospitali mapema, na dozi uimalize. Papai usijibandikie nyumbani, waachie wanaojua kusafisha. Mungu namshukuru, na yule binti, na mke wangu aliyerudi chumbani. Mama mkwe nilimwomba anipunguzie, akakataa huku anacheka. Nikamlipa taslimu, mapapai ishirini na tisa: shilingi elfu kumi na nne na mia tano.