Mama Akifuma, Jirani Akisikiza

Juzi nilipita Makongeni, kwa ile ploti tuliyokulia, nikasikia redio ikilia kwa dirisha la mtu anayepika chapati. Wacha tu! Miguu ilikataa kuendelea.

Unajua mama hakuweza kufuma vitambaa vya makochi bila muziki? Akitoka kiwandani anabandika chai, anawasha redio, anachukua uzi wake. Kwaya ikiimba polepole, sindano nayo inatembea polepole. Ikija rumba, woi, hadi mabega yanacheza, na sisi tunamwiga nyuma ya kochi mpaka atutishie na mwiko.

Mwaka huo alikuwa akimfumia kukhu, mama yake, aliyekuwa mgonjwa sana huko Kakamega. Alitaka viti vya kukhu vivalishwe angali anaona. Shida ni kwamba baada ya nyimbo za jioni redio ilisoma matangazo ya vifo, na habari za nyumbani zilitufikia hivyo. Muziki ukikatika tu, mama anatega sikio, anakosea, anafumua. Kazi ikawa haiendi.

Jirani wa mlango wa pili, mama Mkikuyu asiyependa upuzi, alichoka kumwangalia. "Ngai! Ikifika hapo zima hiyo kitu. Mimi nitasikiza kwangu. Wewe fuma, hawa watoto wakuimbie."

Basi tukaimba kila jioni, vibaya sana, na mama akafuma. Matangazo yakiisha, jirani anagonga ukuta: hakuna habari ya kwetu. Nilipenda huo mlio wa ngumi kwa ukuta kuliko wimbo wowote.

Jioni moja tuliimba tukamaliza nyimbo zote tulizojua, ukuta ukiwa kimya. Kisha jirani akaingia.  Alikaa karibu na mama akamshika mikono, sindano ikiwa bado ndani, na sisi tukarudia wimbo wa kwanza kwa sababu tuliogopa kunyamaza.

Kitambaa cha mwisho mama alikimalizia matangani, wanawake wa huko wakiimba. Nilimlilia kukhu, lakini nilimlilia mama zaidi.

Siku hizi naishi Ngoingwa, nafuma na nyimbo zangu kwa simu. Habari mbaya ikija inakata wimbo katikati, inanipata nimekaa peke yangu. Hakuna mtu wa kuisikia kwanza kwa niaba yangu.