Nilivyoanza kutengeneza beat Sumbawanga, na bibi yangu akaitikia salamu ya kompyuta

Wakuu, heshima mbele.

Nimeona humu kijana anauliza aanzie wapi na software ya kutengeneza muziki. Mmemjibu vizuri, mmetaja mic, headphone, RAM na mengineyo. Nilitaka kuchangia kule kule, nikaona yangu ni marefu, acha nifungue uzi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza. Penye aibu yangu nitapaacha palivyo.

Miaka hiyo nilikuwa Majengo, Sumbawanga, kwenye kibanda cha kuwajazia watu nyimbo kwenye memory card. Waliokulia kule wanakumbuka. Mtu anashuka kwenye lori kutoka Kasesya, mpakani, anakupa simu yake ya batani, anasema "nijazie", halafu anaenda kula. Hasemi nyimbo gani. Wewe ndiye unajua roho yake inataka nini.

Mwezi wa saba baridi ile mnaijua. Sweta mbili, koti juu, vidole vimekufa ganzi kwenye keyboard, lakini spika inadunda mtaa mzima. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Siku hizi naitafuta furaha ile siipati.

Sasa kuna mshikaji wangu, Deo, fundi simu wa kibanda cha jirani. Siku moja akaja na flash, akaniambia, "Oya, humu kuna software ya beat. Ni demo, toleo la majaribio, ila inapiga kazi. Acha kusambaza nyimbo za watu, tengeneza zako."

Nikaiweka kwenye laptop yangu, mtumba uliochoka, betri inakaa saa moja kwa kubembeleza.

Wakuu, mara ya kwanza kuifungua ile kitu nilidhani nimeingia kwenye chumba cha rubani. Vitufe kila kona. Sikujua hata pa kuandika jina la wimbo. Wiki nzima kazi yangu ilikuwa kubonyeza kick na snare, yaani ngoma nzito na ngoma kali, kick na snare, mpaka mama lishe wa upande wa pili akaomba nimpumzishe kichwa.

Lakini ile siku kick, snare na bass vilipokaa pamoja kwa mara ya kwanza, nilisimama nikatoka nje, nikaangalia barabara, nikarudi kusikiliza tena. Mimi nimetengeneza hii? Nilijiona mkubwa.

Ujinga wangu ulianzia hapo.

Nikiwa kwenye kilele cha majivuno, mama akapiga simu. Mama alikuwa Wampembe, ziwani, anafanya biashara ya samaki. Akaniambia bibi, mama yake mzazi, anapelekwa Mbeya kufanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Madaktari walikuwa wameshawaambia ukweli: uvimbe utatoka, lakini sauti inaweza isirudi kama zamani.

"Wewe si una hiyo kompyuta ya muziki?" mama akasema. "Nenda kamrekodi bibi yako ule wimbo wa kusaga ulezi. Nimelelewa nao ule. Nitunzie, mwanangu."

Mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo. Ule wimbo bibi aliimba akisaga ulezi juu ya jiwe. Unamsema wifi mmoja aliyeazima ungo akaenda nao moja kwa moja. Ni wa kuchekesha, lakini sauti yake inapanda pale mwisho mpaka unamhurumia hata huyo wifi mwizi. Likizo zangu zote za shule ya msingi niliamshwa na ule wimbo, na harufu ya uji wa ulezi.

Turudi.

Kijiji cha bibi ni ukishapita Matai. Nilifika na laptop, mic ya bei rahisi na headphone za Deo. Safari ya bibi kwenda Mbeya ilikuwa keshokutwa yake. Umeme kijijini hakuna, kwa hiyo saa yangu moja ya betri ndiyo hiyo hiyo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini mnakula nyimbo?"

Nikamweka kwenye kiti, nikamwambia aimbe. Akaimba maneno mawili akanyamaza. Mikono yake ilikuwa inahangaika mapajani.

"Wimbo huu hauimbwi na mtu aliyekaa bure," akasema. "Lete ulezi."

Mimi moyoni nikasema jiwe litaniharibia recording. Lakini betri inakwenda, nikaleta ulezi.

Sasa sikieni kosa langu. Kwenye video nilizojifunzia walikazania kwamba msanii lazima aimbe akisikia metronome, ule mdundo wa kompyuta unaomshikisha mwendo. Ile software ilikuwa inakuruhusu kuchagua sauti yake. Mimi nikachagua makofi, kwa sababu yalisikika vizuri. Nikamvalisha bibi headphone juu ya kilemba, nikabonyeza record.

Akaanza kusaga. Akaimba mstari wa kwanza, safi kabisa.

Halafu akasimamisha jiwe. Akainama kidogo, akakutanisha viganja, akapiga makofi ya taratibu, pa, pa, pa, na akatoa salamu ndefu ya Kifipa kwa ile sauti yake nene ya kukaribisha wageni.

Nikageuka mlangoni. Hakuna mtu.

"Bibi, unamsalimia nani?"

"Si huyu anayenipigia makofi."

Wasiojua Ufipa niwaeleze. Kwetu salamu ya heshima ni makofi. Unainama, unapiga viganja taratibu, na anayepigiwa lazima aitikie. Kumwacha mtu anapiga makofi bila kumjibu ni utovu wa nidhamu ambao watu watausema mpaka kwenye msiba wako. Mimi Mfipa wa kuzaliwa nimemvalisha bibi yangu headphone yenye mtu anayepiga makofi bila kuchoka, halafu nategemea aendelee kuimba!

"Bibi, hiyo ni kompyuta tu."

"Basi kompyuta yako ina adabu. Wewe ndiye huna. Mtu anasalimia, unaniambia niimbe?"

Tukarudia. Mstari mmoja, anaitikia. Tukarudia tena. Mara ya nne akamuuliza huyo mgeni habari za huko atokako na kama mvua zimenyesha. Mimi natokwa jasho, naangalia betri. Ningeweza kubadilisha ile sauti, lakini sikukumbuka hata nilikoibadilishia.

Mara ya tano nikamvua headphone. Akaimba wimbo wote mpaka mwisho, jiwe linasaga, na laptop ikazimika sekunde chache baada ya mimi kubonyeza stop. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Nilirudi Majengo, nikakaa na ile kazi siku mbili. Naandika hii nikiona aibu. Nilifuta zile mara nne zote kwenye project, lile faili la kazi, nikaziita takataka. Ile ya tano nikaiondolea sauti ya jiwe kwa kitufe cha kusafisha kelele, na sauti ya bibi nayo ikakonda. Nikaikata vipande, nikavuta kila neno likae kwenye mstari, kwa sababu bibi alikuwa anachelewa hapa, anawahi pale. Halafu nikashusha ngoma zangu juu. Nzito!

Deo akasikiliza akanikumbatia. "Umetoboa, mwanangu."

Nikautoa wimbo kama faili la kusikiliza, nikasave project, nikafunga. Wakati wa kufunga kulitokea kidirisha chenye Kiingereza kingi na chini yake OK. Mimi na OK tulikuwa ndugu wa damu. Nikabonyeza.

Nikamtumia mama, ambaye alikuwa amemsindikiza bibi Mbeya. Bibi siku hiyo alikuwa ameshaingia chumba cha upasuaji.

Mama alipopiga simu alisema taratibu, "Ngoma nzuri, mwanangu. Sasa mama yangu yuko wapi humu ndani?"

Wakuu, nilisikiliza tena kwa masikio yake. Kweli, bibi hayupo. Kuna kitu chembamba kinalia kwa mbali chini ya kick, sawasawa kama saa ya ukutani.

Nikasema hakuna shida, nafungua project, natoa ngoma, namrudishia mama mzazi wake. Nikafungua. Ikagoma. Kidirisha kile kile kikarudi, na leo nikakisoma kwa mara ya kwanza: demo inasave, lakini ulichosave haikifungui. Mpaka uwe na toleo kamili.

Siku chache baadaye nikaongea na bibi kwa simu ya mama. Upasuaji ulikwenda vizuri, uvimbe umetoka, yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini sauti iliyokuja kwenye simu ilikuwa mnong'ono. Nilidhani mtandao. Mama akasema, "Hapana. Ndiyo yenyewe sasa."

Nililia kibandani mchana kweupe, mteja ananiangalia, memory card yake mkononi.

Baada ya hapo sikuigusa ile software miezi kadhaa. Kijijini sikwenda. Mama hakunilaumu, na hilo ndilo lilinimaliza zaidi. Nilikuwa nimepewa kitu kimoja cha kutunza.

Ikaja siku laptop ikajaa kabisa, haipokei hata wimbo mmoja. Deo akakaa nayo, akaanza kutafuta vya kufuta. Akaniita. "Hii folder ya recorded ni ya nini? Ina mafaili matano mazito, nifute?"

Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka.

Kumbe ile software kila ukirekodi inatunza sauti ghafi pembeni. Ukifuta kwenye project, umefuta kwenye project tu. Zote tano zilikuwepo, bila ngoma, bila kukatwa. Nikabonyeza ya kwanza. Jiwe likasaga. Sauti ile nene ikajaa kibanda kizima, na Deo, ambaye hajui Kifipa hata neno, akavua kofia.

Nilinakili kwenye flash tatu na memory card mbili. Jumamosi nikapanda kwenda kijijini na spika ndogo.

Bibi alikuwa uani anapepeta ulezi. Mama naye alikuwepo, amepanda kutoka ziwani. Nikasalimia, bibi akanijibu kwa ule mnong'ono wake, nikaweka spika juu ya kinu bila kueleza chochote. Kwa kiwewe changu nikabonyeza faili la kwanza badala ya la tano.

Jiwe. Mstari mmoja wa wimbo. Kimya kidogo. Halafu makofi, pa, pa, pa, na ile salamu ndefu.

Bibi akaweka ungo chini. Akainama. Akakutanisha viganja vyake, akaipigia spika makofi taratibu, akaitikia salamu yake mwenyewe, midomo inatembea na sauti hakuna.

Mama alikuwa ameshageukia ukutani.

Bibi akaniangalia, akanivuta sikio karibu ili nimsikie.

"Mkaribishe," akanong'ona. "Apite ndani."

Basi wakuu. Toleo kamili nilikuja kulipata, beat nimetengeneza nyingi, nyingine mmezicheza kwenye harusi zenu bila kujua. Ule wimbo wenye ngoma nzito niliufuta kwa mkono wangu. Mama anazo zote tano kwenye simu, na anayoisikiliza sana ni ya nne, ile ya kuuliza habari za mvua.

Kwa kijana aliyeuliza: soma kidirisha kabla ya kubonyeza OK. Tunza sauti ghafi sehemu mbili tatu kabla hujaigusa. Na ukimrekodi mzee wako, muache achelewe, muache awahi, muache asalimie anayemsalimia. Unachokiona takataka leo, kesho unaweza kukitafuta ukilia.

Mwenye sauti ya mzazi aliyoiharibu kwa kuisafisha, au aliyoikuta mahali asipotegemea, asimulie hapa chini. Ukiingia piga makofi kwanza. Mimi nipo, nitaitikia.